Uskoti: Uhuru kwa Pesa ya Nani?

Kwanza tunyooshe majina. Sisi tukisema Uingereza tunabeba kila kitu pamoja: London, mfalme, Arsenal, mvua. Lakini ndani ya hiyo dola kuna nchi kadhaa, na kule juu kabisa kuna Uskoti, yenye watu kama milioni tano na nusu, ambayo ilikuwa na bunge lake na pesa yake hadi 1707. Kwa hivyo hapa nikiandika Uingereza ni dola nzima. Nikiandika England ni yule jirani mkubwa wa kusini.

Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti waliulizwa swali moja fupi: je, Uskoti iwe nchi huru? Asilimia 55 wakasema hapana, 45 wakasema ndiyo. Hadi vijana wa miaka 16 walipiga kura. Mtu huku kwetu akisikia hiyo stori anashangaa. Ati watu wanaletewa uhuru kwenye karatasi, bila risasi hata moja, na wanaukataa? Waoga hao!

Mimi siwaiti waoga. Hawa watu wana historia na pesa, na historia hiyo inauma.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1695 Uskoti ilianzisha kampuni ya biashara ya kimataifa. Mmoja wa vichwa vyake alikuwa William Paterson, Mskoti yule yule aliyechangia kuanzisha Benki Kuu ya England mwaka 1694. Mpango ulikuwa kujenga koloni Darien, huko Panama, pale ambapo ardhi ni nyembamba kati ya bahari mbili. Bunge la England likaona ushindani unakuja, likawatisha wawekezaji wa London, nao wakatoa pesa zao. Waskoti wakakasirika, wakachanga wenyewe: pauni 400,000, pesa nyingi mno kwa nchi maskini. Mabwana walichanga, miji ikachanga, watu wa kawaida wakachanga.

Mwaka 1698 meli tano ziliondoka na watu kama 1,200. Walichokikuta ni mvua, homa na njaa. Makoloni ya England yaliagizwa yasiwauzie hata chakula, na Wahispania walisema ardhi ni yao. Kufikia 1700 kila kitu kilikuwa kimeisha, na watu kama 2,000 walikuwa wamekufa, pamoja na mke wa Paterson mwenyewe.

Miaka saba baadaye ukaja Muungano. England iliahidi kulipa Uskoti pauni 398,085. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa fidia kwa sababu Waskoti sasa wangesaidia kulipa deni la England. Sehemu nyingine ilienda kwa wenye hisa wa ile kampuni iliyokufa, pamoja na riba. Na baadhi ya hao wenye hisa walikuwa wameketi bungeni wakipiga kura. Watu wa kawaida walifanya fujo barabarani Edinburgh na Glasgow, lakini wapi. Tarehe 1 Mei 1707 bunge lao likawa historia.

Kwa haki, Darien haikuuawa na England peke yake. Mpango wenyewe ulikuwa mbovu. Lakini ona vile mambo yalipangika: jirani anakufungia mlango, unafilisika, halafu yeye ndiye anakuja na mkoba.

Sasa turudi 2014. Chama cha SNP, chini ya Alex Salmond, kilitoa kitabu cha kurasa 670 hivi kueleza Uskoti huru itakavyokuwa. Kuhusu pesa, kilisema tutabaki na pauni, tutaitumia pamoja na wale wengine. Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, akapanda hadi Edinburgh akawaambia wazi: mkitoka, na pauni mnaiacha. Chama kikuu cha upinzani, Labour, kikamuunga mkono. Salmond akajibu kwamba pauni ni yao pia, na wakinyimwa basi hawatabeba sehemu yao ya deni. Shida ni kwamba Hazina ya Uingereza ilikuwa imeshaambia masoko kwamba deni lote italisimamia yenyewe.

Agosti, kwenye mdahalo wa runinga, Alistair Darling, kiongozi wa kambi ya hapana, alimbana Salmond na swali hilo hilo, tena na tena: ukinyimwa pauni, mpango wa pili ni upi? Salmond alizunguka, jibu halikutoka. Na hilo si swali la wasomi pekee. Mama mwenye mkopo wa nyumba kwa pauni anataka kujua atalipa kwa pesa gani. Mzee wa pensheni pia. Mwaka 2008 Royal Bank of Scotland ilianguka na serikali ya Uingereza ikamwaga zaidi ya pauni bilioni 45 kuiokoa. Nchi ndogo ingezitoa wapi? Siku chache kabla ya kura, benki hiyo ikasema ndiyo ikishinda, itahamisha makao yake rasmi hadi London.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo. Ireland ilijitawala 1922, ikatoa pauni yake 1928, na ikaishikanisha na ile ya Uingereza, moja kwa moja, hadi 1979. Sisi wenyewe tulipandisha bendera Desemba 1963 tukiwa bado na shilingi ya Afrika Mashariki iliyofungwa kwa pauni. Benki Kuu yetu ilianza Septemba 1966. Inawezekana. Ila inamaanisha miaka kadhaa ya kukaza mkanda na riba kuamuliwa na mtu usiyemchagua. Salmond hakutaka kuuza jasho, akauza mafuta. Kile kitabu kilihesabu pipa karibu dola 110. Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30.

Lakini hata upande wa hapana ulikuwa na bei ambayo haikutajwa. Waskoti waliambiwa njia ya uhakika ya kubaki Umoja wa Ulaya ni kubaki Uingereza. Mwaka 2016 ikaja kura ya kutoka Ulaya. Asilimia 62 ya Waskoti walisema tubaki. England ina watu wengi zaidi, basi wote wakatoka. Na Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine bila ruhusa ya London.

Ndiyo maana sipendi ile lugha ya mashujaa na waoga. Pande zote mbili ziliwaambia wananchi kwamba chaguo lao halina gharama. Mmoja alisema utapata nchi yako na pesa ya jirani. Mwingine akasema kaa hapa, hakuna kitakachobadilika. Wote walikuwa wanaficha risiti.

Anayeshika sarafu yako anapiga kura hata kama jina lake halipo kwenye daftari. Mwaka 1707 alikuja na mkoba, 2014 alikuja na onyo. Waskoti wakitaka kumshinda siku moja, itabidi kiongozi wao asimame awaambie bei kamili, pamoja na miaka ya shida, na wao waseme: sawa, tutalipa.