Homa ya Newala: Kutoka Panya Wachanga hadi Mashine ya PCR

Ukitoka Lupaso, kijiji cha hayati Rais Benjamin Mkapa wa Tanzania, ukapanda kuelekea Newala, unafika juu ya uwanda wa Makonde ambako mito hakuna. Miaka ya 1950 akina mama waliteremka mabondeni kuchota maji, wakayapandisha kichwani na kuyahifadhi ndani ya nyumba. Maji ya namna hiyo hayamwagwi ovyo, hukaa.

Mwaka 1952 ilizuka huko homa kali iliyoendelea hadi 1953. Ilimwangusha mtu ghafla, viungo vikamkaza asiweze kunyooka. Daktari Marion Robinson wa hospitali ya misheni ya Kianglikana (UMCA), Lulindi, aliandika dalili zake. Mtafiti W.H.R. Lumsden alifuatilia mbu, akamkuta Aedes aegypti majumbani, akizaliana kwenye vyombo vya maji. Jina la homa hiyo, chikungunya, walilitoa Wamakonde wenyewe, nao wataalamu wakalichukua lilivyo.

Kirusi chenyewe kilitafutwa Entebbe, Uganda. Mtafiti R.W. Ross alichukua damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa, akawadunga panya wachanga kwenye ubongo, kisha akangoja waugue. Kujua wingi wa kirusi kulidai panya zaidi, kila kundi likidungwa damu iliyozimuliwa kwa kiwango chake. Kazi ya kuchosha, na ya kikatili pia, lakini ilifaulu.

Chikungunya hubeba vinasaba vyake katika RNA, na hapo ndipo ugumu ulipobaki kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake Marekani, waligundua kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA. Mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR: DNA inapashwa moto na kupozwa, na kila mzunguko nakala zinaongezeka maradufu. Mizunguko 30 yatosha kugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni. Mbinu hizo mbili zikaunganishwa: RNA ya kirusi hunakiliwa kwanza kuwa DNA, ndipo PCR huizidisha. Siku hizi mashine huhesabu mizunguko hadi mwanga wa kipimo uonekane. Ikiwa michache, kirusi ni kingi. Jibu hutoka kwa saa, si kwa siku.

Hata hivyo mashine haipapasi gizani. Inahitaji vipande vifupi vya DNA vinavyolingana na herufi za vinasaba vya kirusi kinachotafutwa, na herufi hizo lazima zisomwe kwanza. Aina iitwayo S27, iliyotoka kwa mgonjwa wa Tanganyika mwaka 1953, ilikuwa bado imehifadhiwa. Mpangilio wake wote, herufi karibu 11,800, ulichapishwa mwaka 2002. Ulikuja kwa wakati. Mwaka 2004 homa ililipuka Lamu na Mombasa, ikavuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako ilimpata karibu mtu mmoja kati ya kila watatu. Wataalamu walipolinganisha kirusi cha huko na kile cha zamani, waliona badiliko dogo lililokiwezesha kuenezwa vizuri zaidi na mbu mwingine, Aedes albopictus. Bila chupa ya 1953 wangelinganisha na nini?

Kipimo cha PCR kina mpaka wake. Kirusi hujaa kwenye damu wiki ya kwanza ya ugonjwa tu. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili. Kwa hiyo, msomaji, ukishikwa na homa na viungo vikikuuma, na kipimo cha malaria kikasema huna, usingoje: mwulize daktari kuhusu chikungunya siku hiyo hiyo.