Boma, Lenta na Bomba: Nani Huigawa Kazi Kabla ya Zabuni?

Katika kata ya Nyegina, kama ilivyo katika kata nyingine za Musoma Vijijini, mtu ambaye hajawahi kusoma uhandisi anaweza kukueleza kwa usahihi darasa la shule ya kijiji limefikia wapi. Atakuambia msingi umekamilika, au boma limefika kwenye lenta, au jengo limepauliwa lakini bado halijaezekwa. Maneno hayo machache ni mchanganuo wa kazi uliokubaliwa na wote. Kwa kuwa kila hatua ina jina, mwanakijiji aliyesomba mawe na mchanga anajua nguvu zake zilitumika wapi, na kiongozi anayesema fedha zimekwisha anaweza kuulizwa zimekwishia hatua gani.

Mabomba ya mafuta na gesi tumeyajenga bila lugha ya pamoja ya namna hiyo. Historia yake inaonesha jambo ambalo mijadala yetu ya zabuni huliruka: anayeigawa kazi katika vifungu ndiye anayeamua, kabla bahasha haijafunguliwa, nani ataweza kuiomba kazi hiyo na nani ataweza kuikagua.

Tuanze na TAZAMA. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya mafuta iko mikononi mwa adui. Mwalimu Nyerere (ambaye, kwa wasiojua, alibatizwa hapo Nyegina mwaka 1943) na Rais Kaunda walikubaliana kujenga bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Ujenzi ukakabidhiwa Snam Progetti ya Italia, na mwaka 1968 mafuta yakaanza kupita. Ilikuwa dharura ya kisiasa, na sioni haki ya kuwalaumu waliokuwa na haraka. Lakini haraka ile iliacha desturi: bomba likawa kitu kinachonunuliwa kizima, kama gari.

Katika majengo ya kawaida mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1970 wakadiriaji majenzi wa Afrika Mashariki walipata mwongozo wa pamoja wa kupima kazi za ujenzi. Tangu hapo, jedwali la vipimo na bei, ambalo mafundi na wahandisi wetu huliita BOQ, limewawezesha wakandarasi kumi kujaza bei kwenye vifungu vilevile: meta za ujazo za zege, meta za mraba za lipu. Bei zikitofautiana, mkaguzi anaona zinatofautiana wapi. Likaja Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, ikiwa na madaraja saba yenye ukomo wa thamani ya kazi ambayo kila daraja linaruhusiwa kufanya.

Ukomo huo ndio unaoufanya mgawanyo wa kazi kuwa suala la kisiasa. Mkandarasi wa Daraja la Tano pale Musoma anaweza kujenga uzio, mitaro na nyumba za kambi. Vikifungwa pamoja na kuchimba mtaro wa bomba na kuchomelea vyuma katika zabuni moja, hawezi kuomba. Hakuna aliyemnyima kwa ubaguzi. Amenyimwa na ukubwa wa fungu.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004, bomba lake likiwa limejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Bomba la Mtwara ndilo linalotufundisha zaidi. Lilizinduliwa Oktoba 2015, likiwa na urefu wa kilomita 542 kwa kuhesabu na tawi la Songo Songo. Mkopo ulitoka Benki ya Exim ya China, na mjenzi alikuwa kampuni ya CPTDC, ya China vilevile. Waziri wa Nishati na Madini kwa sehemu kubwa ya ujenzi huo alikuwa Profesa Sospeter Muhongo, ambaye baadaye mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge wa Musoma Vijijini.

Gharama iliyotangazwa ilikuwa takriban dola bilioni 1.2. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atagawanya kwa 542, apate dola milioni 2.2 kwa kilomita, kisha alinganishe na bomba la nchi nyingine na kupiga kelele. Hesabu hiyo haifai. Ndani ya bilioni 1.2 mna mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo. Mna kipande cha chini ya bahari. Na bomba kuu lina kipenyo cha inchi 36. Mwanafunzi huyo anaweza kuwa amekosea, na serikali inayomkanusha inaweza kuwa sahihi, lakini mwananchi hana mizani ya kuamua kati yao. Mtwara ilipowaka moto mwaka 2013, watu walibishana juu ya bomba kama kitu kimoja: lije au lisije.

Wanorwe walikutana na tatizo hili kwenye visima vyao vya baharini. Katika kampeni yao ya kupunguza gharama ya miaka ya 1990 walisanifisha namna ya kuzipanga gharama. Mfumo huo baadaye ulizaa kiwango cha kimataifa cha ISO 19008, kilichotolewa mwaka 2016. Kila gharama hupewa namba kwa maswali matatu: ni ya sehemu gani ya mtambo, ni ya shughuli gani, na imetumia rasilimali ya aina gani. Kwa namba hizo, uchomeleaji wa mradi mmoja hulinganishwa na uchomeleaji wa mradi mwingine, hata kama wajenzi ni tofauti. Kwa maneno ya Nyegina, hiyo ni boma na lenta.

Jirani zetu wa Uganda walichukua njia nyingine. Kanuni zao za mwaka 2016 zilitaja aina 16 za bidhaa na huduma zinazotengwa kwa ajili ya Waganda, zikiwemo usafirishaji, ulinzi, chakula, upimaji ardhi na kazi za ujenzi wa kawaida. Tanzania ilitoa kanuni zake za ushiriki wa wazawa mwaka 2017, na EWURA ina kanzidata ya watoa huduma wa ndani. Katika bomba la Hoima hadi Chongoleani, ambalo kilomita 1,147 kati ya 1,443 zake zimo nchini katika mikoa minane (Mara haimo), kazi ya kuyapaka mabomba tabaka la kuhifadhi joto ilipewa kiwanda chake Sojo, wilayani Nzega. Kazi iliyotengwa na kutajwa inaweza kudaiwa ifanyike hapa.

Wahandisi watanijibu kwamba kuikatakata kazi kuna hatari, na wana hoja. Kiungo kikivuja, wakandarasi kumi watanyoosheana vidole, na bei moja ya jumla humbebesha mjenzi mmoja hatari yote. Lakini si lazima mikataba iwe mingi ndipo mchanganuo uwe wazi. Mjenzi mmoja anaweza kuomba kazi nzima, huku hati ya zabuni ikimlazimu ajaze bei kwa vifungu vilivyosanifishwa na serikali, na akiorodhesha vile atakavyowapa wakandarasi wadogo.

Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell kuhusu mradi wa gesi asilia iliyosindikwa mkoani Lindi, mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Watumishi wa PURA, EWURA, TPDC na Baraza la Taifa la Ujenzi wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba muundo wa jedwali la bei huandikwa mapema, na mara nyingi na mshauri wa mwekezaji. Ningependa kujua ni ofisi ipi kati ya hizo itakayouandika safari hii.