Mtawanyiko wa Mahusiano

Ukitaja mtandao wa kijamii leo, wengi hufikiria Facebook na WhatsApp. Wanasosholojia walilitumia neno hilo kabla ya intaneti, kwa maana ya watu na namna wanavyohusiana. Mtandao wa aina hiyo huchorwa kwa grafu: kila mtu ni nukta, kila uhusiano ni kiungo kinachoshika nukta mbili.

Kati ya viungo mia vya mtu mmoja, kipi ni cha ndani kabisa? Wengi wangehesabu marafiki wa pamoja, na hapo wangepotea. Mchukue mama anayeuza maharage sokoni Kitchanga, Masisi, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, Kongo. Yeye na jirani yake wa meza wanajuana na wachuuzi thelathini wale wale, lakini wachuuzi hao wote wanajuana wenyewe kwa wenyewe; soko ndilo lililowakutanisha. Mumewe anawajua wachuuzi wawili tu, wanakwaya watatu wa kanisani kwa mkewe, shangazi wa mkewe aliyeko Walikale na mwalimu wa mtoto. Ni wachache, tena makundi hayo hayajuani. Hawezi kuwafikia wote ila mtu anayeshiriki kila upande wa maisha ya mama huyo.

Hali hiyo ndiyo naiita mtawanyiko wa mahusiano. Takwimu tayari ina mtawanyiko wake, wa namba kutofautiana, kwa hiyo neno "mahusiano" lisidondoshwe. Lars Backstrom wa Facebook na Jon Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia mtawanyiko huo kama kipimo kwa watumiaji wa Facebook wapatao milioni 1.3. Kilimtambua mwenzi wa mtu takriban mara moja katika kila mbili. Hesabu ya marafiki wa pamoja, mara moja katika kila nne.

Kivu Kaskazini kipimo hiki kina uzito wa pekee. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, watu waliokutana juzi hujikuta na majirani wale wale, na hesabu ya marafiki wa pamoja hupanda bila ukaribu wowote. Ebola ilipofika Pinga, Walikale, Agosti 2019, mkakati wa chanjo ulikuwa kuwachanja waliokutana na mgonjwa, kisha waliokutana na hao: hatua moja na hatua mbili kwenye grafu. Kumjua aliyemuuguza mgonjwa, yaani mtu wake wa ndani, kulikuwa suala la uhai.

Viungo pia hubadilika. Mei 2022, hapo hapo Pinga, makundi yenye silaha yaliyokuwa mahasimu yalikutana yakakubaliana kutoshambuliana. Grafu ya mwezi uliotangulia ilikuwa imeshachakaa, ndiyo maana kila kiungo kinastahili kuandikwa na tarehe yake.

Nawaomba wanaokusanya data za mahusiano Masisi na Walikale: ondoeni majina kabla grafu haijatoka mikononi mwenu. Mwenye bunduki akiipata, atajua amkamate nani ili fulani ajitokeze.