Mzunguko wa maisha ya kipepeo katika ufundishaji wa usomaji: Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru

Mzunguko wa maisha ya kipepeo ni mada inayotumiwa katika shule za msingi za nchi nyingi kuwafundisha watoto kusoma matini za taarifa, yaani maandishi yanayoeleza mambo ya kweli na si kusimulia hadithi. Mtoto hufuata hatua nne, yai, kiwavi, pupa na kipepeo, huku akijifunza kutumia vichwa vidogo, michoro, maelezo ya picha na faharasa. Mada hii inafaa sana wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula nchini Zambia, kwa sababu watoto wa huko huwafahamu viwavi kabla ya kuanza shule.

Eneo na lugha

Nchelenge iko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, ziwa lenye takriban kilomita za mraba 5,120 ambalo Zambia inagawana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakazi wengi huishi kwa uvuvi, na Kashikishi ndiyo bandari kuu ya samaki. Lugha ya eneo ni Kibemba. Mtaala wa 2013 uliagiza darasa la kwanza hadi la nne wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la tano. Ng'ambo ya ziwa, katika miji ya Kilwa na Pweto, watu huzungumza Kiswahili pia. Mapigano ya 2017 yalisababisha maelfu ya Wakongo kuvuka mpaka, na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge. Kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na Kibemba, Kiswahili na Kiingereza, na mchoro wa mzunguko unaeleweka na watoto wote hao.

Chimbuko la mbinu

Mwaka 2000 mtafiti Nell Duke alichunguza vyumba 20 vya darasa la kwanza nchini Marekani, akakuta kwamba matini za taarifa zilipewa wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Tangu hapo walimu wengi wametilia mkazo aina hii ya usomaji. Zana mojawapo ni jedwali la safu tatu lililobuniwa na Donna Ogle mwaka 1986: ninachojua, ninachotaka kujua, nilichojifunza. Nyingine ni utaratibu wa Annemarie Palincsar na Ann Brown wa 1984, ambapo watoto hubashiri, huuliza, hufafanua na kufupisha kwa zamu. John Guthrie na wenzake, kuanzia miaka ya 1990, walianza masomo kwa kumtazama kiumbe hai kwanza, kisha kitabu kikafuata.

Somo linavyoendeshwa

Kiumbe rahisi kupatikana ni kipepeo wa milimau, Papilio demodocus, anayeenea karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani ya mlimau au mchungwa. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na akikua huwa wa kijani. Akichokozwa hutoa pembe laini zenye harufu kali. Pupa hujishikiza kwenye kijiti kwa uzi mwembamba.

Watoto hujaza safu mbili za kwanza za jedwali, hutazama mti, kisha husoma. Mwalimu huwaonyesha maneno yanayobeba mpangilio wa wakati, kama kwanza, halafu, baada ya siku kadhaa, hatimaye. Huwaonyesha pia maneno ya sababu: kwa kuwa, ndiyo maana. Kila jibu lazima liambatane na sentensi au picha iliyolithibitisha. Viwavi wenye manyoya hutazamwa tu bila kuguswa, kwa sababu baadhi yao huwasha.

Kitabu kinapotofautiana na msitu

Katika misitu ya miombo ya kaskazini mwa Zambia, viwavi wanaoliwa, ifishimu kwa Kibemba, ni watoto wa nondo. Wanaothaminiwa zaidi ni chipumi (Gynanisa maja) na mumpa (Gonimbrasia zambesina). Wakishiba majani hushuka mtini, hujichimbia udongoni na kugeuka pupa humo, hadi nondo watokeapo majira ya mvua yakikaribia. Mtoto anayejua hili akiona mchoro wa pupa anayening'inia tawini atauliza iwapo kitabu kimekosea. Swali hilo ni la thamani kubwa. Jibu lake ni kwamba kitabu kimeeleza spishi moja, na msomaji makini hutafuta kwanza matini inamzungumzia nani.

Usomaji unaookoa mahindi

Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, asili yao ni Amerika. Walithibitishwa Afrika mwaka 2016 na kushambulia mahindi ya Zambia msimu wa 2016/17. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200. Kiwavi akishaingia katikati ya mmea, dawa humfikia kwa shida. Pupa hukaa ardhini. Darasa likisoma maelezo haya na kuulizwa ni hatua ipi inafaa kuwaangamiza, jibu halikuandikwa popote waziwazi: watoto hulipata kwa kuunganisha taarifa, nalo ni mayai na viwavi wachanga. Kuzijua hatua hizi kuna faida nyingine pia: nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993 huwapatia wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kuuza pupa wa vipepeo, kazi isiyowezekana bila kujua kila hatua inachukua muda gani.

Vifaa

Shule yenye vitabu vichache inaweza kuandika chake: watoto huchora walichokiona, huweka vichwa vidogo, maelezo ya picha na faharasa kwa Kibemba, Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyewahi kuandika faharasa anajua namna ya kuitumia. Kila mwalimu wa mwambao wa Mweru aliye na mlimau karibu na darasa anaweza kuanza somo hili muhula huu.