Kisangani: nyumba ya etaje huanza kuharibika kwenye mchoro

Mangobo, Kisangani. Parseli haiongezeki, lakini familia inaongezeka. Kuna pia ndugu waliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu mwaka 2023. Mwenye pesa kidogo anaanza kufikiria kujenga kwenda juu. Kabla ya kununua simenti, historia ya majengo ya nchi hii ina la kumwambia.

Katika miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Stanleyville, wachoraji walijua kwamba hapa mvua hunyesha karibu kila mwezi. Walichora mapaa yanayopita kuta, baraza pana na kuta zenye matundu, yaani klaustra. Upepo ulipita, ukuta ulikauka. Jengo la namna hiyo linavumilia hata miaka ambayo hakuna anayelitunza.

Miaka ya 1970 mawazo yalibadilika. Kule Kinshasa ulisimamishwa mnara wa Sauti ya Zaire, leo RTNC. Mnara kama ule unategemea umeme kwa kila kitu: asanseri, klimatizeri, pampu ya maji. Kipuri kikikosekana, watu wanapanda ngazi kwa miguu, na etaje za juu ndizo zinazoachwa kwanza.

Kisangani, hesabu ni ileile. Maji ya Regideso hupanda kwa pampu, na pampu inangoja umeme wa kituo cha Tshopo, kilichoanza kazi miaka ya 1950. Mashine moja ikisimama, etaje ya juu inakauka kabla ya chini. Bomba likifichwa ndani ya ukuta, tundu dogo linalazimisha fundi kuvunja ukuta mzima. Paa la bapa lisilo na mteremko hushika maji; maji yanaingia kwenye ufa, yanafikia vyuma, vyuma vinapata kutu na kupasua beto.

Nyufa nyingine zililetwa na vita. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita, zaidi ya mabomu 6,600 yalianguka mjini na nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Milioni 40 kati ya hizo ni kwa ajili ya mali.

Kwa familia inayongoja fidia, au inayotaka kujenga upya baada ya kukimbia, pesa huja mara moja tu. Basi fundi aulizwe mapema: bomba litapita wapi ili lifikiwe? Maji ya mvua yatatokea wapi? Umeme ukikatika wiki nzima, bibi wa etaje ya pili atapata vipi maji? Fundi asiyekuwa na jibu asianze kuchimba msingi.