Zabibu Haingoji: Siku Moja Katika Kiwanda Kidogo cha Divai Dodoma

Mhariri aliniomba niandike historia ya jambo nililoliona kwa macho yangu, wala si historia ya wafalme na vita. Nimechagua zabibu za Dodoma. Mtaona mbele kwamba nina deni katika habari hii.

Baada ya mkutano wetu wa mwaka, watu kumi na mmoja wa mkupuo wetu tulipanda basi dogo kwenda kijiji kimoja nje ya mji wa Dodoma, ambako mkulima mmoja ana kiwanda chake cha kutengeneza divai. Ilikuwa mwezi wa Agosti, wakati wa mavuno. Vumbi lilikuwa jekundu na mibuyu haina jani. Katikati ya ukame huo likatokea shamba la kijani, mizabibu imetandazwa juu ya nguzo na nyaya, vishada vyeusi vimening'inia. Wenzetu wa kutoka pwani walishangaa. Mimi sikushangaa, maana shamba kama hilo niliwahi kuwahimiza watu walipande.

Yafaa kwanza tujue mmea huu ulifikaje Ugogo. Wagogo walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, mazao yanayovumilia jua. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Zabibu zilikuja baadaye sana, kwa sababu ya altare. Padre hawezi kuadhimisha misa bila divai, na divai ya kuagiza Ulaya ilikuwa ghali. Mapadre wa Kiitaliano wa Shirika la Wapasionisti walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1957. Wakagundua kwamba nchi waliyoidhania kame inaupendeza mmea huo kuliko walivyotazamia.

Sababu zake zaeleweka. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku una ubaridi, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu haipo, hivyo ukungu hauli majani. Zaidi ya hayo, Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe huulaza kwa mkasi: akiupogoa, mti hudhani majira mapya yameanza, huchipua, na baada ya miezi minne hivi huwa na vishada vilivyoiva. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Baada ya Uhuru, Serikali iliona mali katika mmea huu. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha. Mwaka 1970 na 1971 Operesheni Dodoma ilihamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1972 tukaimba Siasa ni Kilimo. Na mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi. Huko Makutupora, mahali ambapo baadhi yenu mnapakumbuka kwa kwata za Jeshi la Kujenga Taifa, kukawa na kituo cha utafiti wa zabibu, na aina moja ya zabibu nyekundu hadi leo yaitwa Makutupora. Kukawa na kiwanda cha umma cha kununua na kusindika. Mabwana shamba tukatumwa vijijini.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1983, nikiwa kijana mwenye pikipiki ya Idara, nilikaa siku tatu nyumbani kwa mzee mmoja nikimshawishi apunguze uwele na kupanda ekari moja ya zabibu. Aliniuliza swali moja tu: "Hizi hazipikwi ugali. Asipokuja mnunuzi, tutakula nini?" Nilimjibu kwamba mnunuzi ni Serikali, na Serikali haiwezi kukosa kuja. Alipanda.

Kwa misimu kadhaa alipata fedha. Akaezeka nyumba kwa bati. Mwaka 1988 nilihamishiwa mkoa mwingine. Mwaka 1993 nikapata barua yake ya mistari minne: lori halikuja, zabibu zinaoza shambani, anaomba nimwambie la kufanya. Niliisoma ofisini mara mbili. Sikuwa na jibu zuri, na kwa aibu ya kukosa jibu zuri sikuandika lolote. Nilijua angalau njia ya kukausha zabibu juani. Ningeweza kumwambia hilo.

Sasa turudi katika kiwanda. Mwenyeji wetu, mtu wa miaka arobaini na kitu, alitupokea mlangoni. "Mbukwenyi," akasema, nasi tukaitikia. Ni chumba kimoja cha matofali, chenye matangi manne ya chuma, mashine ya kuponda inayozungushwa kwa mkono, na sakafu iliyooshwa vizuri. Alitueleza kazi yake bila maringo. Zabibu zikishapondwa, hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa. Zabibu nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, kwani rangi imo katika ganda. Nyeupe hukamuliwa kwanza. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kileo, hivyo hupima utamu kabla ya kukata kishada cha kwanza. Chupa moja hula zabibu kilo moja na kidogo. Mzee Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeandika kitabu chake juu ya magonjwa ya divai mwaka 1866, angekielewa chumba kile mara moja.

Kisha tukaonjeshwa. Humiminwa kidogo tu katika glasi. Kwanza watazama rangi mbele ya mwanga, kisha waizungusha glasi na kunusa, ndipo unapopiga funda dogo, ulizungushe kinywani, na ulitemee kwenye ndoo. Hapo pakazuka kelele. "Tangu lini mtu akatema alichonunuliwa?" aliuliza mwenzetu mmoja, yule yule aliyekuwa kiranja wa bwalo. Divai nyeupe ilikuwa kali kidogo kama embe bichi. Nyekundu ilikuwa na ukakasi wa chai iliyokolea, ukakasi unaoshika ulimi, na nyuma yake harufu ya zambarau. Wenzetu watatu ambao dini yao hairuhusu walipewa juisi iliyokamuliwa asubuhi ile, na nadhani wao ndio waliopata kilicho bora. Nanyi vijana wa shule, hii si karamu yenu, someni tu.

Nilimwuliza mwenyeji kwa nini amejenga kiwanda badala ya kuuza zabibu. Akajibu: "Zabibu haingoji. Ukishaikata, siku mbili nyingi. Mwenye tangi anajua hivyo, nawe unajua kwamba anajua. Bei ataisema yeye." Mkulima wa mahindi aweza kuyafungia ghalani hadi bei ipande. Wa zabibu hana ghala isipokuwa tangi. Akizigeuza kuwa mchuzi wa zabibu, anapata miezi ya kutafuta mnunuzi. Katika sentensi zile chache niliona historia yote ya zao hili. Tulimfundisha mkulima kupanda, kupogoa na kunyunyiza salfa, lakini tangi lilikuwa la mtu mwingine. Uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baadaye milango ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, tangi lile likakauka, na aliyeumia ni yule aliyeacha uwele wake.

Nikamwuliza mbegu yake aliipata wapi. Alitutoa nje hadi nyuma ya nyumba ya zamani, penye mistari miwili ya mizabibu yenye mashina manene kama paja. "Baba aling'oa ekari nzima akarudisha uwele," alisema. "Hii miwili aliibakiza kwa ajili ya kivuli. Vipando vyote vimetoka hapa." Nikatazama paa la nyumba ile. Bati lilikuwa limeshika kutu, lakini niliitambua.

Nilimwambia mimi ni nani. Alinyamaza kidogo. "Bwana Shamba," akasema, "barua ile niliiandika mimi. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa akinituma posta kila Ijumaa kuuliza kama jibu limekuja." Wenzangu walikuwa wakicheka ndani ya kiwanda. Sikuwa na la kusema ila kuomba radhi, naye akaipokea. Kisha akaongeza: "Kuhusu mti, ulisema kweli. Kuhusu soko, hukujua. Ungesema hujui." Baba yake alifariki kabla ya tangi la kwanza kununuliwa.

Vijana, baadhi yenu mtatoka hapo na vyeti na kutumwa kuwashauri watu wazima. Ardhi na mvua mtafundishwa. Mkiulizwa asipokuja mnunuzi itakuwaje, msijibu kwa niaba ya mnunuzi. Na mkipata barua, ijibuni, hata kama jibu ni nusu.

Mwenyeji wetu ameniomba nirudi Oktoba, wakati wa kupogoa, niwaonyeshe vijana wa kijiji mkato niliomfundisha baba yake. Mikono yangu inatetemeka kidogo siku hizi. Nimemjibu kwa barua, siku ile ile, kwamba nitakwenda.

Mwanafunzi wa zamani, Kidato cha Nne, 1976