Kutafuta kumbukumbu za ukoo: kutoka Rhotia hadi Mbulu

Familia nyingi za Wairaqw walioko Rhotia hazikuanzia hapa. Chimbuko lao ni nyanda za juu za Mbulu, upande wa Kainam, na zilianza kusambaa kuja Karatu mwanzoni mwa karne ya 20 zikitafuta mashamba na malisho. Ndiyo maana kijana akitaka kuoa na wazee wakauliza ukoo wa baba na wa mama, jibu wakati mwingine liko Mbulu.

Kabla ya kutoa nauli, kaa na mzee wenu. Mwulize babu aliitwa nani kabla ya ubatizo, alitoka kijiji gani na alibatizwa wapi. Akishindwa kutaja mwaka, mwulize kama ilikuwa kabla ya vita vya 1939 hadi 1945, au karibu na Uhuru wa 1961. Akiridhia, mrekodi kwa simu.

Kwa babu aliyebatizwa Mkatoliki, daftari la ubatizo la parokia ndilo lenye mengi: tarehe, majina ya wazazi wote wawili na la msimamizi. Pembeni mara nyingi huongezwa kipaimara na ndoa. Sisi tunalithamini zaidi kwa jina la mama, kwa sababu kwenye majina yetu matatu mama hayumo. Jina la tatu nalo hubadilika kila kizazi, hivyo kumtafuta babu kwa jina lako la mwisho kunaweza kukupotezea siku nzima.

Madaftari ya zamani yana Kilatini: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike. Mapadre wageni nao waliandika walivyosikia. Tluway anaweza kuwa Sluwai au Kluwai. Qamara akawa Kamara. Yasome kwa sauti, sikio litayatambua.

Usiende bila kupiga simu. Paroko au katibu ndiye anayetafuta; hukabidhiwi daftari ulipekue mwenyewe. Uliza pia parokia yenu ilizaliwa kutoka parokia ipi, maana majina ya awali hubaki kwenye parokia mama. Jimbo la Mbulu, linalohudumia pia Karatu, ni la tangu 1953.

Upande wa serikali, Karatu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, kwa hiyo tafuta Mbulu. Mafaili ya Wajerumani na Waingereza yako Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Kwa mkulima wa kawaida hatushauri kuanzia huko. Mafaili hayo yanazungumzia zaidi kodi, machifu na ardhi. Ila kama babu alikuwa jumbe au karani, au alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi wa Kijerumani kule Oldeani, safari inaweza kulipa. Uliza kwanza masharti ya kuingia na barua unayotakiwa kubeba.